Kupiga video ya viboko kutoka kwenye boti, Dunga

Ondokeni ufuo wa Dunga, Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchana upepo huinua mawimbi, picha ikayumba. Weka fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50, lenzi ya milimita 300 au zaidi, maana kiboko hakaribiwi. Nahodha asizime injini, aipunguze tu: huenda mkahitaji kutoroka. Kwa hiyo tripodi (stendi ya miguu mitatu) haifai, hupandisha mtetemo wa injini hadi kwenye kamera. Egemeza kamera kwenye mfuko wa mchele wa kilo moja, juu ya mapaja. Fokasi (kulenga picha iwe kali) iwe ya mkono, la sivyo itanasa magugumaji yanayopita mbele. Kiboko akizama ghafla akiwaelekea, ondokeni. Kamera ya kuzamisha? Kisumu maji yana tope na mwani. Utarudi na kijani kitupu.