Pesa za bahati nasibu ya Uingereza: msanii wa Mombasa aanzie wapi

Mimi ni katibu wa kikundi cha vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake inayochezwa kwa kupiga pembe, hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Siku moja mwana wa dada yangu, anayekaa Leicester, alinipigia simu. "Khala, huku kuna pesa za bahati nasibu wanapewa wasanii. Andikeni ombi." Tukakaa barazani na kahawa tungu, tukajaza kurasa nne: twataka sare, vipaza sauti na, ikiwezekana, kigari cha kutupeleka harusi za Likoni. Kijana akazisoma, akacheka, hakuzipeleka popote.

Alikuwa na haki ya kucheka. Usipojua pesa zinatoka wapi, utabisha mlango usio wake. Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza iliwekewa sheria mwaka 1993, na droo ya kwanza ikachezwa Novemba 1994. Sehemu ya kila tiketi huwekwa kando kwa manufaa ya jamii, na fungu hilo lina mgawo: sanaa 20%, michezo 20%, urithi 20%, na 40% kwa afya, elimu, mazingira na misaada. Kampuni inayoendesha mchezo (zamani Camelot, tangu Februari 2024 Allwyn) haichagui msanii wa kumpa. Fungu la sanaa hupelekwa kwa mabaraza ya sanaa: kwa Leicester ni Arts Council England; Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina lake.

Pesa hizo, basi, zimetoka mfukoni mwa mnunuzi wa tiketi wa kule, na yeye ndiye anayetakiwa kuona faida. Kijana alinitumia picha ya ile sanamu kubwa ya chuma iliyo Gateshead, Angel of the North, iliyosimamishwa mwaka 1998 kwa msaada wa pesa hizihizi. Imewekwa mlimani, apitaye barabarani aione. Swali la fomu ni hilohilo: watu wa England watapata nini? Sisi tulikuwa tumejibu watu wa Kibokoni watapata nini.

Kwa hiyo mwombaji ni mtu aliye kule, na wewe wa Mombasa unaingia kama msanii mwalikwa. Mlango wa kawaida ni National Lottery Project Grants, ruzuku za miradi za Arts Council England, kuanzia pauni 1,000 hadi 100,000. Ombi lisilozidi 30,000 lina fomu nyepesi zaidi, na kwa kikundi cha watu saba linatosha. Uko pia mlango ambao wengi wetu hatuutazami: Developing Your Creative Practice, pauni 2,000 hadi 12,000, wa msanii mmoja anayeishi England na anataka kujiendeleza. Huyo anaweza kufunga safari akaja Mombasa kujifunza udi au kupiga pembe, na ada ya mwalimu ikawamo kwenye bajeti yake. Kama una shogayo msanii kule, mwambie leo.

Sasa bei, na hapa nitakaa kidogo. Sisi watu wa pwani tuna haya ya kutaja bei. Tulipokaa kikao cha kwanza kupanga ombi upya, kijana akauliza tunataka kiasi gani, wenzangu wakajibu "chochote mtakachojaliwa." Jibu hilo ni adabu nzuri barazani, lakini kwenye fomu linaharibu, kwa sababu msomaji wa ombi anataka kuona wasanii wamelipwa ipasavyo. Nikachukua daftari, nikahesabu siku za mazoezi, za safari na za onyesho, kila siku na bei yake. Kisha nauli, viza, malazi, chakula, bima, mishono ya leso. Nikaorodhesha na kazi ya katibu, ingawa mweka hazina alinikodolea macho. Upande wa kule, kwa kawaida angalau 10% ya gharama yote hutakiwa itoke kwingine. Si lazima iwe taslimu yote: ukumbi ambao jamii imeutoa bure huhesabiwa kwa thamani yake.

Jambo la pili la kikao kile cha kwanza ni halali na haramu. Bibi wetu mmoja, mkubwa wa pembe, aliuliza, "Pesa za kamari, tutazilaje?" Fatwa si kazi ya katibu, sikubishana naye. Lakini mjue kwamba anayepewa pesa hizi hutakiwa kuitangaza bahati nasibu kwenye mabango, na alama yake ni vidole viwili vilivyopishana. Bibi alisema hatasimama chini ya vidole vile. Wawili wakajitoa, na kwa kuwa hilo lilitokea kabla ya ombi kwenda, majina yalibadilishwa bila taabu. Baada ya kukubaliwa, kila badiliko kubwa lazima liombewe ruhusa.

Usianze chochote kabla ya jibu, kwani kazi iliyokwisha kuanza hailipiwi. Mwenyeji, yaani yule mwombaji wa kule, akupe barua ya mwaliko yenye tarehe, mahali na malipo, nawe uiambatishe kwenye viza. Msanii mwalikwa anayelipwa anaweza kwenda kwa viza ya mgeni, ila kazi yenyewe iwe imepangwa kabla ya kusafiri na ifanyike ndani ya siku 30 tangu kuingia. Pembe za nyati ziacheni nyumbani kama hamna kibali cha wanyamapori. Sisi tulikwenda na ngoma na matoazi.

Kwenye mkataba wako na mwenyeji, hakikisha ujira wako hautegemei awamu ya mwisho ya pesa anazopewa na baraza. Awamu hiyo hutolewa baada ya ripoti kupokelewa, na ripoti inataka hesabu. Mimi nilishona risiti kwa uzi ndani ya daftari, kwa mpangilio wa tarehe. Zile za karatasi nyepesi nilizipiga picha siku ileile, maana kwa joto letu hili wino wake hufifia mapema.