Kupanda makala (mkaa) yako mwenyewe ukirudi shambani Kivu Kaskazini

Ninawaandikia mliorudi Kibumba, Rugari, Sake na kwenye milima ya Masisi tangu kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, mkakuta nyumba haina paa na shamba limegeuka kichaka. Vita havijaisha. Hata hivyo jioni hii lazima maharage yaive, na karibu Goma nzima inapika kwa makala. Mimi ni mtunza kitalu, kazi yangu ni miche. Ninaamini kabisa kwamba mpango wowote wa kulinda msitu wa mbuga ya Virunga na hali ya hewa wakati huu wa vita unaanzia kwenye gunia la makala, na gunia hilo linaweza kutoka shambani kwako badala ya kutoka mbugani. Msisubiri amani ndipo mpande. Mti unataka miaka sita au saba, amani ije au isije.

Kabla hujashika jembe, uliza shamba lako lilikuwa mikononi mwa nani ulipokuwa hupo. Kama askari walipiga kambi hapo au mapigano yalipita, usifyeke na usichome majani hata kidogo. Tembea na jirani ambaye hakuondoka, pita njia zinazokanyagwa kila siku. Ukiona chuma usichokifahamu, usikiguse wala usikitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama ukiwa mbali, wakataze watoto, kisha mwarifu shefu wa kijiji ili awaite wanaotegua mabomu. Shamba linaweza kungoja msimu mmoja.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa nawaomba msiharakishe. Kwetu kupanda mti ni kama kutangaza kuwa ardhi ni yako, ndiyo maana wenye mashamba wengi huwakubalia wapangaji maharage na mahindi lakini si miti. Na ugomvi wa ardhi ni mmoja wa mizizi ya vita hivi. Kwa hiyo ukiwa umekodi, andikianeni. Karatasi iseme miti ni ya nani, itakaa miaka mingapi, mavuno yatagawanywa vipi, na kwamba miti haibadilishi mwenye ardhi. Watie sahihi majirani wa mipaka yote minne, na shefu naye. Tengeneza nakala mbili, ziwekwe nyumba mbili tofauti, na picha yake ikae kwenye simu ya mtu aliye mjini, kwa sababu tunakimbia tukiwa mikono mitupu. Mama mjane, jina linaloandikwa liwe lako, si la shemeji. Nimewaona akina mama walioinua miti tangu mbegu, halafu siku ya kukata ndugu wa marehemu wakatokea na panga.

Ukipewa ruhusa, chagua mti kwa kazi yake. Mkaratusi unakua upesi na unachipua tena ukikatwa, lakini unakunywa maji mengi. Usiupande karibu na chemchemi wala katikati ya mazao. Akasia nyeusi, ile miwati, inatoa makala mazito yanayopendwa na inarutubisha udongo, ila kisiki chake hakichipui vizuri, utapanda upya. Grevilea iwe mpakani, maana haigombani sana na maharage, na matawi yake unayapunguza kila mwaka ukapata kuni huku mti ukiendelea kusimama. Kaliandra ipande kama uzio: mbuzi wanakula majani yake, nyuki wanapenda maua yake, na vijiti vyake vinapika chai. Mwenye kipande kidogo aanze na grevilea na kaliandra, aachane na mkaratusi. Mlioko Kibati na Munigi, kwenye mawe ya volkano ya Nyiragongo, tafuteni sehemu zenye udongo kati ya mawe na mjaze samadi. Msipoteze miche juu ya mwamba mtupu.

Sasa kitalu. Mvua kubwa inaanza Septemba, kwa hiyo mbegu ziwe ardhini Aprili au Mei, na miche uimwagilie kiangazi chote. Kila mbegu ina tabia yake. Ya akasia ina ganda gumu: chemsha maji, yatoe motoni, yamimine juu ya mbegu na uziache humo mpaka asubuhi. Zilizovimba panda siku hiyohiyo, zilizobaki ngumu zirudie. Kaliandra inataka maji baridi kwa siku mbili. Grevilea haitaki kulowekwa, lakini mbegu yake haikai: ya mwaka jana usiinunue hata ukipewa kwa bei ya bure. Ya mkaratusi ni vumbi tupu. Ichanganye na mchanga mkavu, inyunyize kwenye trei, ifunike kwa mchanga kidogo sana, na umwagilie kwa kunyunyiza, maana maji ya kopo yataizika.

Miche midogo ikipata jozi mbili za majani, ihamishie kwenye viriba, ile mifuko midogo ya plastiki ya miche. Hapa ndipo miti mingi ya Kivu inapofia, ingawa itaonekana hai kwa miaka miwili. Mtu ana haraka, anachoma tundu fupi kwa kidole, anasukuma mche, mzizi unajikunja kuelekea juu. Mti utakua, utanenepa, kisha upepo wa kwanza wenye nguvu utaulaza. Tumia kijiti kilichochongwa, tundu liwe refu kuliko mzizi, shusha mche chini zaidi ya inavyotakiwa, kisha uvute juu taratibu ili mzizi unyooke, ndipo ubane udongo kwa pembeni. Shika jani, usishike shina. Mzizi ukiwa mrefu mno, ukate ncha kwa wembe. Hilo haliuui mche.

Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji ili miche izoee shida. Chimba mashimo ya sentimita 40 kila upande, udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia, na unapofukia uanze kuingia wa juu. Chana kiriba ukitoe kabisa. Kwa shamba la makala, acha mita 2.5 kati ya mti na mti. Hektari moja itaingia miti 1,600. Miaka miwili ya kwanza lima maharage katikati, palizi moja inahudumia vyote viwili. Kabla ya Juni safisha ukanda wa mita tano kuzunguka shamba, kwa ajili ya moto. Na mbuzi wafungwe. Hilo lizungumzwe na majirani wote pamoja.

Andika yote kwenye daftari: tarehe, aina, idadi uliyopanda, idadi iliyo hai baada ya mvua, na alama za GPS za kila pembe, ambazo simu ya kawaida inazitoa. Sababu ni hii. Mwaka 2021 nchi yetu ya Kongo iliahidi kupunguza gesi zinazopasha dunia joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030: asilimia 2 kwa uwezo wake yenyewe, 19 ikisaidiwa. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa dunia wa hali ya hewa Glasgow, iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya misitu. Januari 2025 ukatangazwa ukanda wa kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo la kulinda misitu la zaidi ya kilomita za mraba 540,000, na unaanzia hapa kwetu, Virunga. Maneno ni makubwa, na mimi sitaki yabaki Kinshasa. Pesa za namna hiyo hazimfikii mtu asiyehesabika. Mradi wa EcoMakala, wa kupanda miti ya makala, ulioanza 2007, ulipita kwa wakulima wadogo na vyama vyao, na miti ikapandwa vita vikiwapo. Basi jiungeni, hata likelemba (kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu) ya akina mama kumi inatosha kuanza, muwe na daftari moja lenye majina na miti.

Nao watunga mipango wasisahau kwamba mwaka 1994, wakimbizi walipomiminika Goma, msitu wa Virunga ulikatwa ili watu wapike. Kila kambi inayofunguliwa bila kuni wala majiko inaurudisha mwaka ule. Umeme wa Matebe, uliowashwa 2015 kwa maji ya mto Rutshuru, umeonyesha kwamba hata kwenye vita mtambo unaweza kujengwa. Kwa wenye nyaya, sufuria ya umeme ya kupikia maharage ni ukombozi. Wasio nazo waloweke maharage usiku kucha na wanunue jiko lenye udongo ndani na bati nje. Gunia litachelewa kuisha.

Siku ya kuchoma, usichome mti mbichi. Kata, panga kivulini, acha wiki sita au nane. Tanuri liwe na magogo membamba chini ili hewa ipite, manene katikati, vijiti vizibe mianya, kisha majani, kisha udongo. Washa upande mmoja na usilale mbali. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukianza kuwa mwembamba na wa bluu, makala yameiva hapo: ziba tundu hilo mara moja, la sivyo unachoma mali yako. Ufa wowote uzibe kwa udongo. Kazi ya pupa hukupa kilo 10 hadi 15 za makala kwa kila kilo 100 za mti mkavu. Iliyopangwa vizuri, yenye bomba la moshi, inafika 20 na zaidi.

Kisiki cha mkaratusi kikate kwa msumeno, sentimita 10 hivi kutoka ardhini, kikiwa na mteremko ili maji yasituame. Baada ya mwaka ondoa machipukizi, bakiza mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoshikana vizuri na kisiki upande unaotoka upepo. Na kila gunia linaloondoka liende na karatasi ya chama inayosema limetoka shamba la nani, ili kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, mwenye kulibeba awe na la kujibu akiulizwa kama ni makala ya mbugani.