Kupaka rangi na kivuli skini ya mvuvi wa Mwanza kwenye Minecraft

Kosa linaloharibu skini nyingi (skini ni picha inayomvika mhusika wa gemu) ni kutengeneza kivuli kwa kuongeza weusi peke yake. Uso unaonekana umepakwa masizi, na koti la mvua la manjano linageuka kijani cha tope. Kwenye kivuli, rangi yenyewe huhama.

Kabla ya kufungua programu, tazama Jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, au mawe yoyote ya ufukweni saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, jua likiwa pembeni. Upande unaopigwa na jua una umanjano, upande wa pili umepoa. Karibu na maji kuna mwanga hafifu unaorudishwa na ziwa. Mvuvi wako apate mambo hayo matatu. Usijifunzie saa sita mchana: jua likiwa utosini, umbo karibu lote hupotea.

Faili ni PNG, aina ya faili ya picha, ya pikseli (vidoti vya rangi) 64 kwa 64. Kuhesabu kunaanzia 0 kwenye kona ya juu kushoto: sura ya mbele iko mlalo 8 hadi 15, wima 8 hadi 15, kifua kiko mlalo 20 hadi 27, wima 20 hadi 31. Programu ya Blockbench ni ya bure na inakuonyesha mwili mzima ukizunguka, hivyo ndiyo rahisi kuanzia. Ukitumia GIMP, programu ya kuhariri picha, shika penseli. Brashi hulainisha kingo na kukuachia rangi nyingi za ukungu ambazo hukuzichagua.

Tafuta vipimo vya H, S na V. H ni aina ya rangi kwenye duara la nyuzi 360, S ni ukolezi, V ni mwangaza. Kwa mwili wa kahawia, anza na #6B4226 (huo ni msimbo wa rangi, unaandikwa kwenye programu), yaani H 24, S 64, V 42. Kivuli ni #52281A: H imeshuka hadi 15, S imepanda hadi 68, V imeshuka hadi 32. Kivuli kizito, cha chini ya kidevu na kwapani, ni #3D1812. Panapopigwa na jua, weka #855F39, yenye H 30. Rangi nne zinatosha kabisa. Ukifika nane kwenye sura yenye pikseli 64 tu, macho hayaoni tena umbo.

Koti la manjano lianze na #E0B02E, na kivuli chake kielekee rangi ya chungwa: #B37320.

Sasa amua jua linatoka wapi, tuseme juu upande wa kulia wa mvuvi, na usibadilishe hadi mwisho. Jaza kila sehemu kwa rangi ya msingi kwanza. Kisha weka kivuli kwenye mapande ya pikseli mbili hadi nne: chini ya kofia, chini ya pua, upande wa kushoto wa kifua, ndani ya miguu. Mwanga uje mwisho, kidogo: paji la uso, bega la kulia, goti. Ule mwanga wa ziwa ni pikseli moja au mbili za rangi ya msingi kwenye ukingo wa chini wa taya, ndani ya kivuli. Ni kidogo sana, lakini ndio unaompa uso uduara.

Usizungushie kila umbo ukingo mweusi na kuacha katikati peupe. Mwili utafanana na mto wa kulalia, kwa sababu mwanga hautoki popote. Pia usinyunyize pikseli za ovyo ukidhani ni mikunjo ya nguo; kwa mbali ni uchafu. Ukiwasha kioo cha kunakili upande wa pili, kumbuka jua nalo linanakiliwa: mguu wa kushoto urekebishe kwa mkono.

Geuza mwili ukague maungio. Mstari wa mwisho wa pikseli za kifua lazima ukubaliane na wa ubavuni. Nyayo na sehemu ya juu ya mabega husahaulika mno. Skini ina safu mbili: ya chini ni mwili wenyewe, nayo isiwe na tundu lolote. Uwazi ni wa safu ya juu, ile ya kofia na koti.

Hifadhi kama PNG. JPG huchafua rangi za pikseli jirani na haiwezi kubeba uwazi. Kisha mjaribu ndani ya gemu, mchana na usiku, maana gemu yenyewe huongeza kivuli chake ubavuni. Akionekana mweusi mno, pandisha V ya kivuli kwa 4 au 5 na uache H ilivyo.