Dawa ya Maji Mbele ya Mchunguzi wa Hataza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasilisha Ombi

Ukisoma orodha ya viambato kwenye chupa ya dawa ya maji, ni nadra kukuta kitu ambacho mfamasia hakijui. Kuna maji, sukari au sobitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), gliserini, kihifadhi, rangi, ladha ya chungwa, na kiambato tendaji, yaani kile kinachotibu, ambacho mara nyingi kimo vitabuni tangu kabla mwombaji hajazaliwa. Hapo ndipo ugumu wa kuombea dawa ya namna hii hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, unapoanzia, kwa kuwa mchunguzi wa ofisi ya hataza hatauliza kama watoto wanaimeza bila kulia. Atauliza ni tatizo gani la kitaalamu lililokuwapo, kwa nini mfamasia mwenye ujuzi wa kawaida asingelitatua kwa kuchanganya vitu hivyo hivyo, na ushahidi wa jambo hilo uko ukurasa gani wa ombi. Maswali hayo hujibiwa maabara, miezi mingi kabla ya fomu kujazwa, na anayengoja kuyajibu mpaka barua ya mchunguzi imfikie huwa ameshachelewa.

Kwa Tanzania Bara, hataza husimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987. Njia nyingine ni ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda lenye makao yake Harare, ambalo kwa Protokali ya Harare ya mwaka 1982 hupokea ombi moja kwa ajili ya nchi kadhaa, hulichunguza kwa kina, kisha huzipa nchi zilizotajwa miezi sita ya kusema kama zinalikataa. Vigezo vikuu ni vilevile: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo mtaalamu wa kawaida angelifikia kirahisi, na uweze kutumika viwandani. Sheria yetu haitoi hataza kwa njia ya kumtibu mtu au mnyama, ingawa bidhaa inayotumika katika tiba hiyo inaweza kulindwa. Kwa hiyo dai (sentensi ya ombi inayotaja kinachoombewa ulinzi) linalosema kwamba uvumbuzi ni kumpa mtoto mililita 5 asubuhi na jioni halitafika mbali. Kinachodaiwa ni muundo wa dawa yenyewe na namna ya kuitengeneza.

Hapa Dodoma, ambako TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ina makao yake makuu, nimekutana na wengi wanaochanganya mambo mawili yasiyohusiana: usajili wa dawa na hataza. TMDA huangalia ubora, usalama na ufanisi wa dawa kabla haijaingia sokoni. Usajili wake haumpi mtu haki ya kumzuia mwingine kutengeneza dawa ile ile, na hataza kwa upande wake haimruhusu mtu kuuza hata chupa moja. Mafaili ni mawili, na data zinazotosha huku huenda zisitoshe kule.

Jambo la kwanza la kulinda ni upya, na kwa kawaida hupotea kwa furaha na si kwa wizi. Mwanafunzi huweka tasnifu yake maktaba pamoja na jedwali la viambato. Mtafiti hubandika bango mkutanoni. Kikundi cha wajasiriamali huonyesha chupa kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni na kumweleza kila anayepita kilichomo na kwa kiasi gani. Kila moja ya hayo laweza kuwa tangazo kwa umma, na lile lipatikanalo mtandaoni mchunguzi huwa nalo kabla ya chai ya saa nne. Utaratibu salama ni kuwasilisha ombi kwanza, hata kama ni la nchi moja tu, kwa kuwa Mkataba wa Paris humpa mwombaji miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku akitumia tarehe ile ile ya kwanza. Kabla ya hapo, anayehitaji kuonyeshwa kilichomo, awe ni mfadhili au mwenye kiwanda, atie saini ahadi ya kutunza siri.

Dawa zitokanazo na mimea zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji mstaafu wa huko, na mti wa mugariga uliochemshwa humo ukaandikwa magazetini siku baada ya siku. Hakuna awezaye leo kudai kuwa kuchemsha mizizi ile majini ni siri yake. Mfano uliokwenda hadi mwisho ni wa mwarobaini. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea, ikaifuta mwaka 2000 baada ya kuonyeshwa kwamba wakulima wa India walikuwa wakitumia mti huo kwa kazi hiyo tangu zamani, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Mwombaji wa Kongwa au Mpwapwa mwenye dawa ya mlonge ajiulize mapema ni kipi ambacho bibi yake hakukijua. Pengine ni namna ya kuitoa dondoo bila kuiunguza, pengine ni jinsi ya kuizuia isichachuke chupani. Hicho ndicho kinachoweza kudaiwa, na asili ya mmea na ya maarifa iandikwe waziwazi, hasa sasa ambapo mkataba uliopitishwa Geneva mwezi Mei 2024 chini ya WIPO, shirika la miliki ubunifu duniani, unaelekeza waombaji kutaja chanzo cha rasilimali za kijenetiki, kama mimea, ambazo uvumbuzi wao umejengwa juu yake.

Utafutaji wa maarifa yaliyotangulia unaweza kufanywa na mwombaji mwenyewe bila malipo kupitia Patentscope na Espacenet, hifadhi za hati za hataza zilizoko mtandaoni. Kutafuta kwa jina la kiambato pekee huleta maelfu ya hati, ndiyo maana inafaa kutumia namba za uainishaji: A61K 9/08 kwa miyeyusho, A61K 9/10 kwa dawa zenye chembe au matone yaliyotawanyika, A61K 47 kwa viambato visaidizi, na A61K 36 kwa dawa za mimea. Hati tatu zinazokaribiana zaidi na dawa yako zichapishwe na kuwekwa mezani, kwa sababu mchunguzi naye atazipata, na ombi zima litaandikwa kwa kujitofautisha na hati hizo.

Sasa nije kwenye kiini, na nitumie mfano mdogo. Chupa ya mililita 100 ya dawa yenye sukari nyingi, ikikaa karibu na dirisha mjini Dodoma mwezi wa nane, wakati upepo ni mkavu na mvua bado iko mbali, hufanya jambo ambalo kila mama mwenye mtoto mdogo ameliona. Tone lililobaki kwenye shingo ya chupa hukauka, sukari huganda kwenye nyuzi za kifuniko, na jioni kifuniko hukwaruza kinapofunguliwa, au hakifunguki kabisa mpaka kimwagiwe maji ya moto. Sharubati ya kawaida ya kifamasia ina asilimia 66.7 ya sukari kwa uzito, kwa hiyo haihitaji kupoteza maji mengi ili ianze kuganda. Mtu akigundua kwamba kuongeza sobitoli kunazuia hali hiyo, atafurahi, lakini mchunguzi atafungua kitabu cha kiada na kumwonyesha kwamba sobitoli imeshatumika kwa kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Hilo ni suluhisho jema lisilo na hatua ya uvumbuzi. Mambo hubadilika ikiwa sobitoli kwa kiwango fulani, pamoja na kiambato tendaji hiki mahususi, inazuia pia kiambato hicho kuvunjika kwenye joto, jambo ambalo hakuna kitabu kilicholitabiri, na kuna jedwali linaloonyesha tofauti hiyo ikitoweka pale sobitoli inapoondolewa.

Jedwali hilo ndilo roho ya ombi. Lazima liwe na sampuli ya kulinganishia, yaani dawa ile ile isiyo na kile kinachodaiwa kuwa kipya, pamoja na dawa iliyo karibu zaidi katika hati zilizopatikana wakati wa utafutaji, zote zikitunzwa kwa hali moja. Kipimo cha haraka kinachotambulika ni nyuzi 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, na cha muda mrefu kwa nchi zenye joto kama yetu hufanywa kwenye nyuzi 30. Niliwahi kushiriki kuandaa ombi la dawa ya kutikisa ambamo tulipima chupa zetu kwa uangalifu mkubwa, mwezi kwa mwezi, mashapo yakipimwa kwa rula na idadi ya mitikiso ikihesabiwa, lakini hatukuweka hata chupa moja ya kulinganishia kwa sababu kabati la joto lilikuwa limejaa. Mchunguzi aliuliza swali moja tu: imara kuliko ipi? Tulifanya majaribio mapya mbiombio, ila kanuni haziruhusu kuingiza jambo jipya kwenye maelezo baada ya tarehe ya kuwasilisha, na data za baadaye haziwezi kuokoa faida ambayo ombi la mwanzo halikuidokeza. Madai yetu yalibanwa mpaka yakabaki uzi.

Viwango vinavyodaiwa navyo vina mtego wake. Waombaji hupenda kupanua kila kitu, mathalani kihifadhi cha sodiamu benzoeti kwenye pH (kipimo cha uasidi) kuanzia 3 hadi 8, wakidhani upana ni ulinzi. Mchunguzi anayejua kemia atakumbuka kwamba benzoeti huua vijidudu ikiwa katika umbo la asidi isiyotengana, na kwamba thamani yake ya pKa, yaani pH ambapo nusu ya asidi hiyo imetengana, ni takriban 4.2. Kwenye pH hiyo nusu yake iko katika umbo linalofanya kazi, na kwenye pH 6 haifiki asilimia 2. Dai linalofika pH 8 bila jaribio lolote upande huo linamwonyesha kwamba mwombaji hakujaribu, naye atakuwa na haki ya kuhoji kila kiwango kingine. Ni afadhali dai kuu liwe na upana unaobebwa na mifano, kisha madai tegemezi, yanayolibana dai hilo zaidi, yashuke ngazi kwa ngazi hadi kwenye dawa halisi iliyo chupani, ili ngazi ya juu ikivunjika pawepo pa kukanyaga. Maneno kama "thabiti" au "ladha nzuri" yasiachwe yakielea bila kipimo. Kuna tofauti pia kati ya dawa yenye vitu fulani na dawa yenye vitu hivyo pekee: ya kwanza inamnasa mshindani anayeongeza rangi, ya pili inamwachia mlango wazi.

Kuhusu umiliki nitasema kwa ufupi. Mwajiriwa wa chuo au hospitali asome mkataba wake kabla ya kuandika jina lake kwenye fomu, na mganga aliyetoa maarifa asifanywe shukrani ya mstari mmoja ikiwa mchango wake umo ndani ya madai. Ajuaye atauza Zanzibar aangalie huko pia, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, BPRA. Hataza ya Bara haimzuii mtu pale Darajani. Vilevile, chini ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni hazilazimiki kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033, kwa hiyo orodha ya nchi za kuombea ipangwe na wakili au wakala anayefuatilia sheria ya kila moja, si kwa kuangalia ramani.

Kisha kuna namna ya kutengeneza, sehemu ambayo huandikwa usiku wa mwisho. Mtu aliyezoea maabara yake husahau kuandika anachokifanya bila kufikiri. Parabeni, aina ya vihifadhi, haziyeyuki kirahisi kwenye maji baridi, hivyo yeye huziyeyusha kwanza kwenye maji ya moto au kwenye glaikoli ya propilini, lakini kwenye maelezo ameandika tu kwamba viambato vyote huchanganywa. Tunachofanya siku hizi ni kumpa mfamasia asiyehusika nakala ya maelezo, viambato na kopo la lita moja, akatengeneze dawa peke yake huku mvumbuzi akiwa chumba kingine. Akipiga simu kuuliza lolote, awe anauliza joto, mpangilio au muda wa kukoroga, swali lake na jibu lake vinaandikwa kwenye maelezo siku hiyo hiyo, na kazi inarudiwa na mtu mwingine mpaka simu isilie.