Pima mafuta kwa kijiko, usimimine
Kabla hatujabishana mafuta gani ni bora, chukua kijiko cha mezani. Kijiko kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti, ya zeituni au ya nazi, kina kalori zipatazo 120. Ukimimina kutoka kwenye chupa, vijiko vitatu au vinne vinapita hujui. Ukipima, unayaona yakitandaa kwenye sufuria, na kwa kukaangia kitunguu kimoja kijiko kimoja kinatosha kabisa.

Aina nayo ina uzito wake. Siagi na mafuta ya nazi huganda upesi kukiwa na baridi kidogo kwa sababu yamejaa mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku. Kwa hiyo mapishi ya kila siku mimi nayaachia alizeti au zeituni, siagi inabaki ya mara mojamoja.

Na tafadhali, mafuta yakishaungua hadi kutoa moshi, yamwage. Usiyatunze kwa ajili ya kesho.