Kuratibu ukusanyaji wa bei Tanzania, Zambia na Malawi ukiwa Mbeya: hatua kwa hatua

Ukikaa Mbeya, masoko ya nchi tatu yako ndani ya mwendo wa siku moja. Barabara ya magharibi inakupeleka Tunduma. Ukivuka mpaka uko Nakonde, Zambia. Ya kusini inapita Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu. Ukivuka mto Songwe uko Malawi, na mbele ni Karonga. Ndiyo maana kila mara huku kwetu hutokea mradi wa wakulima, wa chuo au wa wafanyabiashara unaotaka kulinganisha bei za pande zote tatu, na mtu mmoja anakabidhiwa wakusanya bei, vishikwambi na tarehe ya mwisho. Kama mtu huyo ni wewe, nimeandika kwa ajili yako.

Mbinu nyingi ninazoeleza zimekomazwa na Programu ya Kimataifa ya Ulinganisho, inayolinganisha bei za nchi mbalimbali duniani, iliyoanza mwaka 1968 na ambayo kwa bara letu inaratibiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Duru ya mwaka 2005 ilikusanya bei katika nchi 48 za Afrika. Timu ndogo haihitaji mitambo ile yote, lakini nidhamu yake inaihitaji. Msingi wake ni kwamba ubora wa bei unatengenezwa sokoni, kwenye mizani na kwenye maelezo ya bidhaa. Ofisini utagundua kasoro tu. Bei iliyochukuliwa vibaya haiponi kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Eleza bidhaa kwa sifa zake

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua unga wa mahindi. Iringa ukimwambia mkusanya bei "unga", atakuuliza sembe au dona. Zambia dukani utakuta breakfast, roller na mugaiwa. Malawi kuna ufa woyera na mgaiwa. Sembe, breakfast na ufa woyera ni ndugu: mahindi yamekobolewa na unga ni mweupe. Dona na mgaiwa pia ni ndugu, kwa kuwa punje imesagwa nzima. Roller iko katikati, na watu wengi huiweka kwenye kapu la dona kwa sababu ni nafuu kuliko breakfast. Ukifanya hivyo, unalinganisha vitu viwili tofauti, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Mchele nao una mtego wake. Karonga utaambiwa kuna mchele wa Kilombero, na mtu wa kwetu atadhani umetoka Morogoro. Kule Kilombero ni aina ya mpunga inayolimwa Malawi kwenyewe. Kwa hiyo kwenye orodha yako usiandike "mchele wa Kyela" kwa nchi tatu. Andika: mchele mweupe, punje ndefu, wenye harufu nzuri, chenga kidogo, haujafungashwa, kilo 1. Kisha kila nchi iseme ni mchele gani wa kwao unaoingia kwenye maelezo hayo.

Kila bidhaa iwe na aina, daraja, namna ilivyofungashwa, kiasi, na chapa kama ipo. Ongeza picha moja. Halafu kila nchi iweke alama: bidhaa hii watu wa kawaida hununua sana, au hupatikana kwa nadra? Ndizi za kupika ni chakula cha kila siku Tukuyu. Lusaka si hivyo. Bidhaa ya nadra huwa ghali mahali isipozoeleka, na ikihesabiwa sawa na nyingine itaifanya nchi nzima ionekane ghali. Katika duru ya 2011 ya programu ile, bidhaa muhimu zilipewa uzito wa 3 na zisizo muhimu uzito wa 1. Nakushauri uige hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Pima kila kitu kinachouzwa kwa chombo au kwa macho

Masoko yetu huuza kwa sado (ndoo ndogo), debe, fungu, tenga, mkungu na gunia. Wakala wa Vipimo wanakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, lakini mkusanya bei si polisi. Kazi yake ni kujua kilo ngapi zimeuzwa kwa shilingi ngapi.

Mpe kila mkusanya bei mizani ndogo ya kuning'iniza, na pesa ya kununua. Pesa ni ya lazima. Mtu anayekuja kila wiki kuuliza bei bila kununua hata nyanya, wiki ya tatu anajibiwa ovyo. Namna ya kufanya, tuseme yuko soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa muuza maharage:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu maharage, ya sasa hivi haya."

"Asante mama. Sado ya haya ya njano unauzaje?"

"Elfu kumi. Wewe chukua kwa elfu tisa na mia tano."

"Naomba moja. Na nyongeza unaweka?"

"Nyongeza haikosi."

Bei ya kuandika ni 9,500, siyo 10,000, kwa sababu tunataka bei ambayo mnunuzi analipa. Na uzito wa kuandika ni wa sado pamoja na nyongeza, kwa kuwa ndicho anachoondoka nacho. Kama mizani inasoma kilo 3.2, bei ya kilo ni takriban 2,970. Ukisahau nyongeza, unaipandisha bei ya soko zima bila kujua.

Rudia kwa wauzaji watatu au wanne, maana sado zenyewe hazilingani: nyingine zimekunjwa kitako. Usibebe uzito wa debe la mahindi ukautumia kwa maharage au karanga. Kwa mafungu ya nyanya na viazi, pima kila mara unapochukua bei. Muuzaji hapandishi bei ya fungu, anapunguza nyanya moja. Zambia mahindi na unga vinauzwa pia kwa chombo kinachoitwa meda, na utaratibu ni huo huo.

Hatua ya 3: Masoko, tarehe na saa

Usiichukue Nakonde ikasimama badala ya Zambia, wala Tunduma badala ya Tanzania. Miji ya mpakani ina bei zake: shilingi inapokelewa upande wa pili, na bidhaa zinafuata mahali sarafu ilipo na nguvu wiki hiyo. Ziweke kwenye orodha, lakini pamoja na masoko ya ndani: kwa upande wetu Mwanjelwa, Uyole, Soko Kuu la Iringa, Makambako, na angalau magulio mawili ya vijijini.

Msimu nao ni mzito Nyanda za Juu. Bei ya mahindi ya wakati wa mavuno si bei ya Januari. Kama unataka picha ya mwaka, kusanya katika kila robo ya mwaka na katika juma lile lile kwa nchi zote.

Halafu saa. Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na geti, lakini Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Na sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri: saa nne asubuhi ya mtu wa Vwawa, ikiandikwa 4 kwenye fomu, itasomeka alfajiri na mwenzake wa Karonga. Acha kishikwambi kiandike saa chenyewe, na mratibu mmoja aweke utaratibu wa kusoma saa hizo kwa wote.

Kabla ya kuingia sokoni pita ofisi za takwimu: Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwetu, iliyo na ofisi mikoani, National Statistical Office iliyoko Zomba kwa Malawi, na Zambia Statistics Agency kwa Zambia. Kisha uongozi wa soko. Salamu hizi zitakuokolea siku nyingi.

Hatua ya 4: Mafunzo

Siku moja darasani, mbili sokoni. Wapeleke wakusanya bei wote kwa muuzaji mmoja, kila mmoja aandike peke yake, kisha mlinganishe. Tofauti mtakazoziona hapo ndizo somo lenyewe.

Hatua ya 5: Fomu

Programu za kukusanyia takwimu kwenye kishikwambi ni kama KoboToolbox, ODK, CSPro au Survey Solutions, na zote zinafaa. Chagua ile ambayo msimamizi wako anaimudu. Kilicho muhimu ni sehemu hizi: namba ya bidhaa, soko, muuzaji, bei iliyolipwa, sarafu, uzito uliopimwa, tarehe, picha, na nafasi ya maelezo. Bei ya kilo ihesabiwe na fomu, asihesabu mkusanya bei kichwani.

Sarafu ichaguliwe kwa TZS (shilingi ya Tanzania), ZMW (kwacha ya Zambia) au MWK (kwacha ya Malawi). Neno "kwacha" peke yake likatae, kwa sababu Zambia na Malawi zote zinatumia kwacha, na thamani zake zimeachana mno. Zambia iliondoa sifuri tatu Januari 2013, na wapo wazee sokoni ambao bado wanatamka bei kwa hesabu ya zamani.

Usibadilishe fedha sokoni. Hifadhi bei kwa sarafu ya nchi pamoja na tarehe. Novemba 2023 dola moja Malawi ilitoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa tangazo moja. Aliyekuwa anabadilisha bei kila jioni kwa kiwango cha siku aliona bei za Malawi zikiporomoka, ilhali mama wa Karonga hakupunguza hata tambala, senti ya Malawi.

Hatua ya 6: Kagua ndani ya nchi, jioni ile ile

Tuseme bei tano za kilo ya maharage kutoka Mbeya ni 3,000, 3,100, 3,200, 3,400 na 6,400. Wastani ni 3,820. Gawa kila bei kwa wastani: kanuni ya kawaida ni kuitilia shaka bei iliyo chini ya 0.5 au juu ya 1.5. Ile 6,400 inatoa 1.68, imekamatwa. Mtawanyiko wa bei zote (standard deviation, yaani bei ziko mbali kiasi gani na wastani) ukiugawa kwa wastani unapata asilimia 38, na mpaka wa kawaida ni 20. Kengele mbili zimelia.

Kipo kipimo cha tatu ambacho programu nyingi hukiweka: toa wastani kwenye bei, gawa kwa mtawanyiko, na jibu likizidi 2 bei ikaguliwe. Kwa mfano wetu jibu ni 1.78, kwa hiyo bei inapita. Na ingekuwa hata 60,000 ingepita, kwa sababu ukiwa na bei tano tu jibu hilo haliwezi kuzidi 1.79. Timu ndogo zinategemea kipimo hiki na kulala usingizi. Kama bei zako ni tano au pungufu, kiache.

Sasa usifute. Mpigie mkusanya bei: "Habari za jioni dada, hii 6,400 ya maharage uliinunua kwa kipimo gani?" Mara nyingi utasikia kwamba zilikuwa kilo mbili. Basi ni 3,200, na wastani unakuwa 3,180. Lakini wakati mwingine atakuambia ni maharage yaliyochambuliwa na kufungwa kwenye pakiti. Hapo bei ni sahihi, bidhaa ndiyo siyo. Majibu haya mawili yana tiba tofauti, na kompyuta haijui lipi ni lipi.

Hatua ya 7: Kagua kati ya nchi na nchi

Nchi nzima inaweza kukubaliana katika kosa. Wakusanya bei wote wakichukua bidhaa isiyo yenyewe, bei zao zitashikamana vizuri na kengele za jioni hazitalia. Kinachowafichua ni jirani.

Gawa bei ya Tanzania kwa bei ya Zambia, bidhaa kwa bidhaa. Mfano: maharage shilingi 3,080 kwa kwacha 28, unapata 110. Mchele 3,000 kwa 30, unapata 100. Mafuta ya kula 4,950 kwa 45, unapata 110. Unga 2,000 kwa 10.4, unapata 192. Zidisha majibu manne na utafute mzizi wake wa nne: takriban 123.5. Linganisha kila jibu na hiyo 123.5 kwa asilimia: 89, 81, 89, na unga 156. Mpaka unaotumika sana ni 80 hadi 125. Unga uko nje, na mchele umesukumwa karibu na ukingo kwa sababu ya unga huo.

Ukifungua picha utakuta Tanzania walichukua pakiti ya kilo 2 ya dukani, Zambia gunia la kilo 25. Kila upande ulifanya kazi kwa uaminifu. Maelezo ya Hatua ya 1 ndiyo hayakutaja ukubwa wa mfuko. Rekebisheni maelezo, rudini sokoni kwa unga peke yake, kisha pigeni hesabu upya ya bidhaa zote.

Kikao hiki kifanyike waratibu watatu wakiwa pamoja, kwa simu au ana kwa ana Tunduma. Asiwepo anayehukumu takwimu za mwenzake bila mwenzake kusikika. Na msitumie kiwango cha benki kama hakimu: tunatafuta uwezo wa sarafu kununua, na huo mara nyingi uko mbali na kiwango cha kubadilisha fedha.

Hatua ya 8: Kumbukumbu

Faili la kwanza kutoka sokoni lisiguswe na yeyote. Masahihisho yaingie kwenye faili la pili, kila sahihisho likiwa na bei ya awali, bei mpya, sababu, jina la aliyethibitisha na tarehe. Sababu kama "ilikuwa kubwa mno" isikubaliwe. Mkishakubaliana, kila mratibu atie saini wastani wa nchi yake, na nakala irudi kwa wakusanya bei waone kazi yao imefika wapi kabla ya kuanza robo inayofuata.