Somo: Boti iliyotumika, ya petroli au ya dizeli?

Mtu akinijia hapa Entebbe na picha ya boti ya chumba iliyotumika kwenye simu, swali huwa lile lile: mashine ipi bora? Mimi humwuliza kwanza ataiendesha saa ngapi kwa mwaka. Wengi hukaa kimya. Somo letu linaanzia hapo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda kuiona

Kwa makadirio ya mafundi wa boti, mashine ikitoa nguvu farasi 100, ya petroli inakunywa karibu lita 31 kwa saa na ya dizeli karibu lita 21. Tofauti ni lita 10. Sasa tuseme boti ya dizeli imezidi bei kwa shilingi milioni 30, na lita ni shilingi 5,000. Kila saa unaokoa 50,000, kwa hiyo milioni 30 zinarudi baada ya saa 600. Anayepeleka watalii kisiwa cha Ngamba kila siku, kilomita 23 kutoka Entebbe, atazifikisha ndani ya miaka miwili. Anayetoka na watoto Jumapili mbili za mwezi, tuseme saa 50 kwa mwaka, atangoja miaka 12. Huyo achukue petroli nzuri, abaki na hela yake.

Tena dizeli haipendi kulala. Niliwahi kununua moja Jinja, mwenyewe akijisifu mashine imefanya kazi saa 400 tu. Ni kweli zilikuwa 400, na tatizo lilikuwa hizo hizo saa chache: boti ilikuwa imekaa miaka bila kuwashwa. Maji yaliingia kwenye tangi, vijidudu vikaota humo, chini nikakuta uji mweusi. Nozeli za kunyunyiza mafuta na pampu zilinitoa jasho.

Hatua ya 2: Uliza ilikotoka

Ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi yasiyo na chumvi, boti haziozi haraka. Lakini nyingi hazikuzaliwa hapa. Kama iliishi baharini, mashine ya petroli inayopozwa kwa maji ya nje moja kwa moja huliwa na chumvi kwenye manifoldi za ekzosi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda), kutoka ndani, usione kitu. Zikitoboka, maji yanaingia kwenye silinda. Omba zifunguliwe. Muuzaji akikataa, hesabu bei ya manifoldi mpya uitoe kwenye bei yake.

Hatua ya 3: Tumia pua

Funua ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka na kutulia humo ukingoja cheche. Ndiyo maana boti ya petroli yenye mashine ya ndani ina feni ya kutoa hewa, na unaiwasha dakika 4 nzima kabla ya kugusa swichi. Dizeli haiwaki kirahisi hivyo. Kwa wenye watoto, hiyo ni sababu nzito kuliko lita zote nilizotaja.

Kagua alternata na stata pia. Mashine nyingi za zamani za boti za petroli za MerCruiser zimejengwa juu ya bloku (mwili wa mashine) ya gari la General Motors, basi mtu anakwenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, ananunua alternata ya gari, inaingia vizuri kabisa. Ya boti imezibwa cheche zisitoke nje, ya gari haikuzibwa. Ukiiona, usiwashe.

Hatua ya 4: Iwashe ikiwa baridi

Fika mapema, weka mkono juu ya bloku. Ikiwa na joto, muuzaji ameiandaa. Moshi mweupe kidogo kwa dizeli asubuhi si kitu; ukiendelea, shaka nozeli au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Wa bluu ni oili. Ya petroli, fundi atoe plagi zote apime kompresheni: silinda zisipishane sana, asilimia 10 hivi.

Hatua ya 5: Majini, moto wote

Hapa ndipo wengi wanapochoka na kusema "inatosha." Haitoshi. Ziwa liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Boti iliyotoka pwani imekuja na rafadha (propela) ya pwani, nzito kwa huku. Jaza mafuta, pakia watu, sukuma moto wote uone kama mizunguko inafika pale mtengenezaji alipoandika. Isipofika, na dizeli ikatoa moshi mweusi, mashine inabebeshwa mzigo unaoiua polepole. Wakati mwingine kubadili rafadha kunatosha.

Ukirudi, fungua kichujio cha maji ya kupozea. Gugu maji likiziba hapo, mashine yoyote inaungua.

Maswali ya wanachama

*Mzee wangu, dizeli ina saa 3,000, petroli ina 600. Si petroli ndiyo mpya?*
Ndiyo, mwanangu, ila si kwa kiasi unachodhani. Mashine ya petroli ya ndani hufika kama saa 1,500 kabla ya kufunguliwa yote, dizeli iliyotunzwa kama 5,000. Moja imekula asilimia 40, nyingine 60. Uliza saa hizo ni za miaka mingapi.

*Naweza kununua ya petroli halafu nikaweka dizeli baadaye?*
Dada, utabadili vitanda vya mashine, gia, ekzosi, mfumo wa mafuta na rafadha, na uzito juu. Tafuta iliyokwisha kufungwa dizeli.

*Niko Kalangala. Huku mafuta ya jerikeni tu.*
Basi petroli ina nafuu, kwani mitumbwi mingi ya mashine za nje inaitumia. Ila chuja kila tone, na usijaze tangi watu wakiwa ndani ya chumba.

*Mke wangu anatapika kwa harufu ya dizeli.*
Shemeji yangu ameshaamua, ndugu. Nunua petroli, na hiyo feni usiisahau.